Fomu siksi One ya 5, chuo GPA 2.3: je, kuna watu hawakuumbiwa chuo?

Swali: "Shikamoo dokta. Mimi ni msichana wa miaka 20, niko mwaka wa kwanza digrii ya uchumi chuo kimoja hapa Dar, kwetu ni Rukwa. Fomu siksi nilisoma HGE shule ya bweni ya wasichana nikapata One ya 5, darasani nilikuwa wa pili. Sasa matokeo ya semesta ya kwanza yametoka nina GPA 2.3 na sapu ya hesabu, yaani nirudie mtihani. Sijawahi kufeli mtihani maisha yangu yote. Hosteli nilikosa nakaa kwa shangazi Mbagala, natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri narudi saa mbili usiku, napika, naosha vyombo, nasoma saa nne mpaka saa saba usiku, yaani nasoma kuliko hata fomu siksi na bado. Rafiki kwa kweli sina, naona wenzangu wana makundi yao, wengi wamesoma shule za hapa Dar, wanaongea na malekchara kama wanaongea na kaka zao. Mama na wenzake wa jumuiya wanasema kuna watu hawakufurahi mimi kwenda chuo, nirudi niombewe. Nafikiria niahirishe mwaka au nibadili kozi niende ualimu. Je, kuna watu hawakuumbiwa chuo? Na ni kweli kuzoea mazingira kunaathiri matokeo au ni kisingizio kama anavyosema kaka yangu? NB: mama nimemwambia nimepata 3.6."

Marahaba mdogo wangu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili (na nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili usijulikane), na kilichonikaa kichwani kuliko hata hiyo GPA (wastani wa maksi, juu kabisa ni 5) ya 2.3 ni ile NB ya mwisho. Tutaifikia.

Kwa jinsi nilivyokuelewa unauliza jambo moja kwa njia nne: kosa liko wapi, kwenye kichwa changu, kwenye mazingira, kwa watu wenye husuda, au kwenye kozi. Miaka niliyokaa kwenye ofisi ya ushauri wa wanafunzi nimekutana na swali hili kila baada ya matokeo ya semesta ya kwanza, na anayekuja nalo mara nyingi ni mtoto wa aina yako, aliyekuwa wa kwanza au wa pili shuleni, wale waliozoea kupata Two wala hawaji, wanacheka wanaendelea na maisha.

Nianze na akili. Wewe ulipata One ya 5 kwenye Historia, Jiografia na Uchumi. Hesabu ulisoma ile BAM (hesabu za msingi), somo la ziada, ambalo hata kwenye pointi zako tano halimo. Halafu ukaja kwenye digrii ya uchumi ukakaa lekcha moja na watu wa EGM (Uchumi, Jiografia na Hesabu) waliosoma hesabu kamili miaka miwili, kila siku, kalkulasi wanaiota. Lekchara akisema "hii mnaikumbuka kutoka fomu siksi" wao wanaikumbuka kweli, wewe uliipitia juu juu kwa vipindi vichache vya wiki ambavyo nusu yake (naomba usikatae) mlikuwa mnasomea Historia chini ya dawati. Hapo hakuna cha akili, kuna pengo la mada, na pengo la mada lina dawa yake inayojulikana, unarudi nyuma unaziba. Mtu asiyejua kwamba ana pengo ndiye anayeumia, sababu kila akiona mwenzake anafanya swali dakika tatu anajiambia yeye ni mjinga.

Lakini hesabu ni kozi moja tu na GPA yako imeshuka kote, kwa hiyo lazima kuna kingine.

Hebu kumbuka siku yako ya bweni. Kengele saa kumi na moja, usafi, mstarini, vipindi, chakula, prepu ya jioni, prepu ya usiku, taa zinazimwa. Matroni anapita na fimbo. Mwalimu akifundisha mada leo, Ijumaa kuna jaribio, mwisho wa mwezi kuna mtihani, na majina yanasomwa mbele ya watu. Ulikuwa unasema "mimi nasoma kwa bidii" na ni kweli ulikuwa unasoma kwa bidii, ila lini usome, wapi, kwa muda gani na kama umeelewa au hujaelewa, hayo yote shule ilikuwa inakuamulia. Wewe ulikuwa unaleta kichwa tu.

Sasa umekuja chuo, kengele hakuna. Umepewa karatasi ya muhtasari wa kozi wiki ya kwanza, watu wengi wanaikunja wanaweka kwenye begi haionekani tena, na ile karatasi ndiyo kengele yako, ndiyo matroni wako, inasema wiki ya 6 kuna tesiti, wiki ya 9 kuna kazi ya kikundi. Kozi nzima ina tesiti mbili, kazi moja au mbili, halafu UE, mtihani wa mwisho wa semesta. Vyuo vyetu vingi kosiweki (hizo tesiti na kazi) ni maksi 40 na UE ni 60. Maana yake kati ya siku unayoacha kuelewa na siku unayoambiwa kwa maksi kwamba hujaelewa kunaweza kupita wiki saba au nane. Shuleni zilikuwa siku nne! Mtu anaweza kupotea njia wiki nane huku anasoma kila usiku na anajisikia yuko vizuri. Hiki ndicho kinachowaangusha watoto wa bweni kuliko ugumu wa masomo wenyewe, na ndio maana yule wa Two ambaye alisoma shule ya kutwa, amezoea kujipangia, anakupita semesta ya kwanza halafu unashangaa.

Na kuna hesabu nyingine ambayo hakuna anayewaambia. Kwa utaratibu wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) krediti moja ni masaa 10 ya kazi, yote kwa pamoja, lekcha, semina, kusoma mwenyewe, mitihani. Mwaka una krediti 120, semesta 60, kwa hiyo semesta moja ni masaa 600. Gawa kwa wiki 17 hivi ukiweka na mitihani unapata kama masaa 35 kwa wiki, ambayo ni kazi ya ofisini kabisa. Ratiba ya lekcha inakula labda 18 au 20. Yaliyobaki, masaa 15 na kitu, ni ya kwako na hayapo kwenye ratiba yoyote, kwa hiyo mtu akiangalia ratiba anaona Jumatano ana kipindi kimoja anasema leo niko huru. Hauko huru.

Tukija kwa kaka yako. Kuzoea mazingira sio kisingizio, ila "kuzoea" ni neno pana sana, na watu wanalichanganya. Miaka ya 80 wanasaikolojia wawili wa Clark University kule Marekani, Robert Baker na Bohdan Siryk, walitengeneza dodoso la maswali 67 la kupima mwanafunzi amezoea chuo kiasi gani, wakaligawa mafungu manne: kuzoea masomo, kuzoea watu, hali ya moyo na mwili, na kile kujisikia kwamba hapa ni kwetu. Limetumika nchi nyingi, na mwaka 2012 Marcus Credé na Sarah Niehorster wakakusanya tafiti zaidi ya 200 zilizolitumia wakaziangalia kwa pamoja. Kinachoshikana zaidi na maksi ni lile fungu la kwanza, kuzoea masomo, yaani unajua unachotakiwa kufanya, unakifanya kwa wakati, unaona maana yake. Mengine yanagusa maksi pia lakini kidogo zaidi. Lile la kujisikia kwamba hapa ni kwetu linagusa zaidi kitu kingine, kama mtu atabaki chuoni au ataondoka.

Sasa jiangalie kwenye hicho kioo. Kukosa kundi hakujakupa sapu ya hesabu. Ila kukosa kundi ndiko kunakokufanya uandike "niahirishe mwaka". Ni matatizo mawili na yana dawa mbili tofauti, ukiyachanganya utatafuta marafiki ili upate maksi (utapata marafiki, maksi zitakaa palepale) au utasoma zaidi ili upunguze upweke, na hiyo ndiyo unayoifanya sasa hivi usiku mpaka saa saba.

Kuhusu huo upweke nikwambie kitu kimoja. Hao wanaoongea na malekchara kama kaka zao, nusu yao wanakuja ofisini kwangu kulia. Sitanii. Ukiwa mgeni unajiona wewe tu ndiye hujui, kwa sababu wasiwasi wako unauona ndani na ujasiri wa wenzako unauona nje. Wanasaikolojia Gregory Walton na Geoffrey Cohen mwaka 2011 walitoa matokeo ya jaribio dogo: wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo kimoja cha Marekani walisomeshwa maelezo ya waliotangulia wakisema na sisi tulijiona hatufai, baada ya muda yakaisha, kisha nao wakaandika jinsi hilo linavyofanana na maisha yao. Kama saa moja tu. Kwa wanafunzi weusi kwenye chuo kile, ambao ndio hasa walikuwa na wasiwasi kama hapa ni kwao, maksi zilipanda na ziliendelea kuwa juu miaka mitatu, pengo kati yao na wazungu likapungua kwa nusu. Kwa wazungu hakukuwa na mabadiliko ya kusema. Marekani sio Dar, na kipande cha karatasi hakitakufundisha kalkulasi, ila mtu akiacha kutumia nusu ya nguvu zake kujiuliza "nafaa sifai" zile nguvu zinaenda kwenye kazi. Kwa hiyo mtafute dada wa mwaka wa tatu kwenye kozi yako, hasa aliyetoka mkoani, muulize semesta yake ya kwanza ilikuwaje. Muulize tu. Utakaa chini.

Marafiki wengi huhitaji. Unahitaji watu watatu. Mmoja wa EGM anayependa kuelekeza, mmoja anayejua habari (kila kozi ina mtu huyu, anajua tesiti imehamishwa, chumba kimebadilika, desa (noti za kozi) lipi linatoka, mara nyingi ndiye CR, kiongozi wa darasa, au rafiki yake), na mmoja mgeni kama wewe wa kula naye mihogo mchana. Kwa hapa kwetu huyu wa pili ni wa maksi kabisa sio wa starehe, sababu nusu ya taarifa za chuo hazibandikwi popote siku hizi, zinapita WhatsApp na midomoni. Sisi zetu zilikuwa zinabandikwa ukutani, matokeo tulikuwa tunaenda kuyaangalia usiku na tochi ili mtu asikuone unavyoishiwa nguvu miguuni. Njia rahisi ya kuwapata hao watu ni semina na kazi za vikundi, mnapogawana vikundi usikae kimya usubiri kuokotwa, sogea kwa wawili useme "tuko wangapi?" umeshaingia.

Haya, kusoma. Umesema unasoma kuliko fomu siksi. Nakuamini. Swali langu ni unafanya nini hasa hayo masaa matatu ya usiku? Nikibahatisha: unafungua desa, unasoma, unapiga mstari kwa kalamu ya rangi, unarudia, inaanza kueleweka, unalala. Kuna jaribio moja wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilifanya mwaka 2006 ambalo nalipenda sana kuwasimulia wanafunzi. Kundi moja lilisoma kipande cha maandishi mara nne. Kundi lingine lilisoma mara moja tu, halafu mara tatu likafunga maandishi na kuandika linachokumbuka. Baada ya dakika 5 waliosoma mara nne waliongoza, walikumbuka asilimia 83 na wenzao 71. Wakarudi baada ya wiki moja: waliosoma mara nne walibaki na 40, waliojipima walibaki na 61. Na kibaya zaidi, waliorudia rudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba watakumbuka. Yaani ile raha ya "hii naijua" unayoisikia saa sita usiku ni macho yamezoea ukurasa, mkono haujajifunza kitu.

Shuleni hii haikukuumiza kwa sababu mwalimu ndiye aliyekuwa anakufungia daftari, yale majaribio ya Ijumaa yalikuwa dawa na wewe ukidhani ni adhabu. Sasa inabidi ujifungie mwenyewe. Ukitoka lekcha, kabla hujafika kituoni, jiulize mambo matatu yaliyosemwa. Umesimama kwenye daladala umebanwa huwezi kufungua daftari, sawa, kichwa si kiko huru? Jitajie. Hesabu ndiyo kabisa: kusoma solusheni ya mtu ni kama kumuangalia mtu anakuna nazi, hutoki hapo unaijua mbuzi. Chukua pastpepa, funika majibu, fanya swali mpaka ukwame, ukikwama andika pembeni umekwamia wapi, HAPO ndipo unamuuliza yule wa EGM au lekchara. "Sielewi hesabu" hakuna mtu anaweza kukusaidia nalo. "Nimefika hapa kwenye kutafuta kiwango cha juu cha faida nikashindwa kujua kwa nini tunasawazisha na sifuri" mtu anakusaidia dakika tano.

Na nenda kwa lekchara. Wana masaa ya kuonana na wanafunzi yako kwenye muhtasari wa kozi au mlangoni, wengi wanakaa peke yao hayo masaa hakuna anayekuja mpaka wiki ya UE. Huhitaji kuongea naye kama kaka yako, Kiswahili chako cha heshima kinatosha, "shikamoo, mimi nina sapu, naomba kuona nilipokosea kwenye tesiti zangu". Nenda na mwenzako, mlango ukiwa wazi. Nasema hivi kwa sababu: akitokea mtu yeyote akaanza kukuwekea masharti ya mapenzi ili upate maksi, hiyo ni rushwa ya ngono, iko kwenye kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya mwaka 2007, TAKUKURU namba yao ni 113 na haikatwi salio. Walio wengi ni watu wa heshima zao, ila ujue.

Sasa Mbagala. Hapa nitakuwa mkweli zaidi maana nadhani ndipo jiwe lilipo. Chukua masaa mawili kwenda na mawili na nusu kurudi, mara siku tano, ni masaa 22 na nusu kwa wiki barabarani. Yanazidi yale 15 ya kusoma mwenyewe tuliyoyahesabu. Halafu unalala saa saba unaamka saa kumi na moja, masaa manne. Mwaka 2003 mtafiti wa usingizi Hans Van Dongen na wenzake waliwalaza watu masaa sita tu kwa usiku, wiki mbili mfululizo, wakakuta akili zao zimechoka sawa na mtu aliyekesha hata siku mbili, na wenyewe walikuwa wanaona wako kawaida tu. Hao ni masaa sita! Wewe una manne. Ile "nasoma lakini haiingii" unayoielezea sehemu kubwa ni usingizi, na usingizi ndio unaotunza ulichosoma mchana, kwa hiyo unakata mti uliokalia. Ningekuwa na uwezo wa kukuamrisha kitu kimoja ningekuamrisha ulale saa tano kasoro, kuanzia leo, hata kama hujamaliza.

Masaa yatapatikana wapi? Chuoni, mchana, yale matundu kati ya kipindi na kipindi. Saa nne mpaka saa sita una nafasi, watu wamekaa kantini wanaangalia simu, wewe nenda maktaba fanya maswali mawili ya hesabu umalize. Ukifanya hivyo siku nne tayari una masaa nane ya kichwa kilicho macho, na hayo manane yanazidi kumi na tano ya usiku.

Shangazi naye. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wewe una miezi pale, kwa hiyo kusaidia kazi ni haki na wala usijaribu kumwambia kwamba vyombo vyake ndivyo vilivyokupa sapu, utaharibu. Mwambie mama aongee naye kwanza, wao wana lugha yao. Usiombe kuacha kazi, omba zihamishwe: Jumamosi kazi zote ni zako, kufua, sokoni, usafi, kupika, na katikati ya wiki angalau siku tatu ukirudi unakula na kulala. Mashangazi wengi hawajui chuo kikoje, wanaona unatoka asubuhi unarudi jioni wanadhani umemaliza huko kama ofisini. Mwonyeshe ratiba ya mitihani, ibandike hata kwenye friji.

Kuhama kabisa ni mjadala mwingine. Kama una mkopo wa Bodi, bumu (hela ya kujikimu) ni sh. 10,000 kwa siku na linakuja kwa mkupuo, kwa hiyo wawili au watatu mkichanga geto la jirani na chuo inawezekana, shida ni wenye nyumba wanaotaka kodi ya miezi sita mkononi, na shida nyingine ni kwamba kwa shangazi unakula na uko salama. Kubebana hosteli najua wengi wanafanya, chuo kinakataza na kitanda cha futi tatu watu wawili usingizi utakuwa uleule wa masaa manne, mimi sikushauri. Omba hosteli tena mwaka ujao mapema, siku ya kwanza dirisha linapofunguliwa, sio siku ya mwisho. Kwa semesta hii moja iliyobaki ningebaki Mbagala kwa masharti mapya.

Kubadili kozi: vyuo vingi dirisha la kubadili linafungwa wiki za mwanzo kabisa za mwaka wa kwanza, kwa hiyo sasa hivi pengine hata hauna hiyo nafasi mpaka mwaka mpya, na ukihama inabidi uangalie krediti zipi zinahamishika na Bodi wanasemaje. Hata hivyo nikuulize, ualimu unaupenda au unaukimbilia? Ualimu sio shimo la kutupia waliopata sapu ya hesabu, na ukienda ualimu wa Jiografia na Uchumi utazikuta kozi za uchumi zinakusubiri mlangoni. Kama miezi yote hii kuna siku lekcha ya uchumi ilikufanya usahau njaa, baki. Kama haipo hata moja, hilo ni la kuzungumza kwa utulivu baada ya sapu, sio kabla.

Kuahirisha mwaka kuna watu nawashauri kabisa, mgonjwa, mjamzito karibu na kujifungua, mtu aliyefiwa na hawezi kusimama. Kunahitaji sababu na barua, na mkopo unasimama. Kwako wewe sioni. Ukikaa Rukwa mwaka mzima utarudi na pengo lilelile la hesabu likiwa limeongezeka mwaka, foleni ya Mbagala itakuwepo, na wenzako hao watatu uliokuwa uwapate watakuwa mwaka wa pili.

Kuhusu 2.3 yenyewe, chukua kalamu. Digrii yako ni miaka mitatu, semesta sita. Tuseme krediti zinalingana. Ukitaka kumaliza na 3.5, ambayo ndiyo mwanzo wa daraja la pili la juu, zidisha mara 6 unapata 21, toa 2.3 inabaki 18.7, gawa kwa 5. Ni 3.74. Unahitaji wastani wa 3.74 semesta tano zilizobaki, yaani B+ nyingi na B chache. Ni kazi, inafanyika, nimeona wakifanya. Daraja la kwanza la 4.4 ungehitaji 4.82 kila semesta kuanzia sasa, na hapo siwezi kukudanganya, ni kama limeshapita. Sapu ukifaulu vyuo vingi inaandikwa C hata ungepata 90, kwa hiyo lengo la sapu ni kuvuka, usife nayo, lengo la maksi liweke kwenye semesta hii ya pili. Soma kanuni za mitihani za chuo chako ujue sapu ni lini na ukifeli inakuwa keri (unalibeba somo mwaka unaofuata) au kurudia mwaka, watu wanadisko (wanaondolewa chuo) kwa kutojua tarehe.

La husuda sitabishana na mama yako, kila nyumba ina imani yake. Kuombewa, ombewa, Dar makanisa yapo, hakuhitaji nauli ya Sumbawanga wala wiki mbili za lekcha.

Kuna mambo lakini hayasubiri mtandaoni. Kama huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili bila kupumzika, chakula hakipandi, hata siku ya kulala usingizi hauji, unalia bila sababu, au wazo la kwamba bora usingekuwepo linapita kichwani hata mara moja, nenda leo kwa Mshauri wa Wanafunzi au zahanati ya chuo, mwambie mtu uso kwa uso, na kama ni usiku mwamshe shangazi. Huhitaji kuwa umefika mbali ndio uende. Na hata kama hayo hayapo, nenda kapime damu na macho. Macho nasema kwa sababu darasani fomu siksi mlikuwa 40 ukikaa mbele, sasa mko 300 unafika umechelewa unakaa nyuma kabisa, nimeshampata mwanafunzi aliyekuwa anafeli kumbe haoni ubao.

Sasa mama. Hiyo 3.6 itakula, kila akikusifia jumuiyani wewe huku unazidi kujificha, na ukishaanza kumficha huwezi kumuomba aongee na shangazi, si atauliza kwa nini wakati unafaulu? Mpigie Jumapili jioni akiwa ametulia. Usianze na GPA, hiyo hata mwalimu mkuu wako wa zamani hajui inahesabiwaje. Mwambie mama nilikudanganya, niliogopa, kuna somo moja narudia mtihani, mengine nimefaulu ila chini, na nimeshajua nilipokosea. Atanyamaza kidogo kwenye simu. Usiujaze huo ukimya, mwache aongee yeye kwanza, halafu umuombe lile la shangazi.